Madirisha ya trela ndogo ya kulalia: alumini ya kuslaidi, polikaboneti au ya karavani?

UsaRiver_81

Wakuu, salaam. Naunda trela ndogo ya kulala watu wawili, ya kuvutwa na RAV4. Bodi ina urefu wa mita 2.4, upana mita 1.5, na kimo cha ndani mita 1.2. Ukuta kuanzia nje ni bati la alumini 1 mm, plaiwudi 9 mm, povu gumu la mabamba 20 mm, kisha plaiwudi 4 mm. Jumla 34 mm. Mlango ni mmoja, upande wa kushoto. Ukuta wa kulia bado uko wazi kwa ndani, wa kushoto umeshafungwa.

Njia zake zitakuwa Mto wa Mbu hadi Engaresero kando ya Ziwa Natron, Ngorongoro kule juu, Mkomazi, na mara mojamoja Pangani. Kwa hiyo kuna vumbi, kuna baridi na kuna chumvi ya bahari.

Fundi alumini yuko tayari kunitengenezea madirisha ya kuslaidi kama ya nyumba. Chaguo la pili ni kukata polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo) mwenyewe na kuifunga kwa bawaba. La tatu ni kuagiza madirisha ya karavani kutoka Ulaya, yale ya akriliki (plastiki nyingine inayopitisha mwanga) yenye tabaka mbili. Lipi linafaa kwa kazi hii, yawe mangapi, yakae wapi, na nizibe kwa nini? Natanguliza shukrani.

Mkaa_Porini

Mkuu, kabla ya kuangalia kioo angalia dirisha linajifunga vipi. Kwa njia ya Engaresero hilo ndilo linaloamua. Dirisha la kuslaidi haligandamizi kitu. Kipande kimoja kinapita mbele ya kingine, na katikati yao kuna manyoya tu, ile brashi nyembamba inayopachikwa kwenye profaili (vipande vya alumini vya fremu). Manyoya yanazuia upepo na mbu. Vumbi laini la volkano la bonde lile linapita kana kwamba hakuna kitu. Dirisha linaloning'inia kwa bawaba ya juu na kufunguka kuelekea nje linajibana juu ya raba pande zote nne likifungwa. Raba iliyobanwa ndiyo inayozuia vumbi.

Dirisha la nyumba lina matatizo mengine pia. Kona za profaili zimeshikwa kwa skrubu, na barabara yenye mawimbi inazilegeza. Mfereji wa chini unajaa mchanga, vigurudumu vinasagika, na vile vitundu vya kutolea maji vinaziba, maji yanarudi ndani juu ya godoro. Profaili za nyumba nyingi ni pana kuliko ukuta wako wa mm 34, hivyo litatokeza nje au ndani. Na kioo chake mara nyingi ni cha kawaida, kikivunjika kinatoa vipande vya kukata watu. Ukilazimika kutumia kioo, agiza cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, na utafute muhuri wake kwenye kona, ule usiofutika. Kumbuka kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kupikwa, kwa hiyo vipimo na matundu vinatolewa kabla.

Mahali pa kuyaweka: nyuma usiweke kabisa. Trela ikikimbia, hewa nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo, vumbi la magurudumu linajikunja pale na kuvutwa ndani kupitia upenyo wowote. Ukifungua nyufa nyuma umeweka mdomo wa kuvuta vumbi. Mbele napo kuna mawe ya magurudumu ya gari linalovuta, na RAV4 hurusha kokoto vizuri sana kwenye njia ya changarawe. Dirisha la mbele bila ngao ya mawe halidumu. Yanabaki mawili: moja ukuta wa kulia, moja ndani ya mlango, yakitazamana ili hewa ipite.

Dirisha la kulia lazima mtu aweze kutokea. Una mlango mmoja, na huo ukizibwa na moto au trela ikilala upande wa kushoto, hakuna njia nyingine. Uwazi usipungue mm 610 kwa 430, na makomeo yafunguke kwa mkono kutoka ndani, gizani, bila kutafuta kifaa. La mlangoni linaweza kuwa dogo, 400 kwa 300.

Ongeza kitundu cha kuingiza hewa juu mbele, kinachotazama mwendo, chenye kichujio cha sponji na kifuniko. Waundaji wa Australia wanafanya hivyo kwa ajili ya njia zao za vumbi: hewa safi inasukumwa ndani trela ikitembea, shinikizo la ndani linazidi kidogo la nje, na vumbi halipati mwanya wa kunyonywa. Kitundu cha mm 100 kwa 100 kinatosha kwa chumba chako.

Seremala_wa_Bati

Nakubaliana na Mkaa_Porini kuhusu raba. Kwa bajeti ya kuunda mwenyewe, mimi ningechagua polikaboneti, ila ifanywe sawasawa, maana wengi wanaikosea kisha wanailaumu.

Nunua bamba zima la mm 5. Usichukue lile la kuezekea lenye vyumba ndani. Vyumba vile vinaingia vumbi na unyevu, vinaota ukungu wa kijani, na havisafishiki. Bamba liwe na kinga ya jua, na upande wenye kinga ndio unaotazama nje. Umeandikwa kwenye karatasi ya plastiki inayolifunika, kwa hiyo uweke alama ya kalamu kabla ya kuibandua. Likigeuzwa, linageuka manjano na kuwa dhaifu.

Kwa uwazi wa 620 kwa 450, kata bamba 680 kwa 510, lipande ukutani mm 30 kila upande. Uzito wake ni kama kilo 2. Kioo cha unene huohuo kingekuwa kilo 4.3. Kona zikate kwa mviringo, kisha piga tupa na msasa hadi kidole kisisikie mkwaruzo hata mmoja, kwa sababu kila ufa unaanzia kwenye jino lililoachwa na msumeno. Kata ukiwa umebana bamba kati ya mbao mbili, jigso (msumeno mdogo wa umeme) ya meno madogo, mwendo wa wastani. Ukienda kasi plastiki inayeyuka na kuganda nyuma ya msumeno.

Sasa jambo linalovunja madirisha mengi: polikaboneti inatanuka sana kwa joto. Kwa urefu wa mm 680, tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na jua la saa nane mchana ni karibu mm 2. Ukitoboa matundu ya mm 4 kwa bolti ya mm 4, bamba likitaka kukua halina pa kwenda, linapasuka kuanzia kwenye tundu. Tundu la katikati ya bawaba toboa mm 4.5, hilo ndilo linaloshika. Mengine yote mm 7, na washa (kiringi cha bolti) pana yenye raba chini yake. Kaza mpaka raba ianze kutokeza kidogo, usizidishe. Tumia nati zenye nailoni ndani ili mtikisiko usizilegeze. Usichimbe tundu la kuzamisha kichwa cha skrubu, kwa sababu kichwa chenye umbo la koni kinafanya kazi ya kabari.

Bawaba iwe ile ndefu ya mfululizo, urefu wote wa juu. Maji yatapenya kwenye bawaba, hilo usibishane nalo, ila weka juu yake mfereji wa kukatia matone: pembe ya alumini 20 kwa 20, izidi dirisha mm 20 kila upande. Chini ya bamba funga ubapa wa alumini 25 kwa 3, nao kwa matundu yaliyopanuliwa. Bila ubapa huo bamba linapinda katikati na kona zinanyanyuka. Makomeo mawili, kila moja si zaidi ya mm 100 kutoka kwenye kona. Komeo moja la katikati ni kosa linaloonekana kila mahali: katikati pamebana, kona zinapitisha mwanga.

Raba ni ile yenye umbo la D iliyo wazi ndani, kimo mm 12, na makomeo yapangwe ili ibanwe hadi mm 8. Iwe ya EPDM, raba inayostahimili jua na mvua. Raba laini za plastiki, zile zinazonukia kama mpira mpya wa kuchezea, zina mafuta yanayoikwangua polikaboneti polepole hadi inajaa nyufa kama za utando wa buibui. Mwungano wa raba uweke chini, si juu.

Kisha kipimo cha karatasi: kata ukanda wa karatasi ya daftari, uweke kwenye raba, funga dirisha, vuta. Ikitoka bila kukuburuza mkono, sehemu ile haijabana. Zunguka dirisha lote, hasa kona nne.

UsaRiver_81

Asanteni sana, mmenifungua macho. Maswali mawili. Ukuta wa kushoto umeshafungwa na povu liko ndani. Nikikata uwazi, si patabaki laini pale pembeni? Na kama nitapata dirisha la karavani lililotumika kwa bei nzuri, linaingia kwenye ukuta wa mm 34?

Gezaulole_Boti

Swali lako la kwanza ndilo chanzo cha uvujaji mwingi kwenye trela za kuunda. Dirisha lolote linalobana ukuta kwa ringi ya ndani na fremu ya nje linahitaji kitu kigumu katikati. Povu likibanwa linalala. Siku ya kwanza skrubu zimekaza vizuri, baada ya wiki mbili povu limekubali, fremu imelegea nusu milimita, na maji yanaingia. Utakaza tena, nalo litalala tena.

Kwa ukuta uliofungwa fanya hivi. Chora uwazi, kona ziwe za mviringo wa nusu kipenyo cha mm 38 au zaidi. Njia rahisi ni kutoboa kona nne kwa ule msumeno wa duara wa kuwekea vitasa, wa mm 76, kisha unaziunganisha kwa jigso. Kona kali ya mraba kwenye bati la alumini ni mwanzo wa ufa, kwa sababu mtikisiko wa barabara wote unakusanyika pale. Ukishakata, chukua kisu chembamba na uchimbe povu kati ya plaiwudi mbili kwa kina cha mm 40, kuzunguka uwazi wote. Pachika vipande vya mbao kavu, unene mm 20, vilivyopakwa gundi ya poliyurethani ya mbao pande zote mbili, bana kwa klampu usiku mzima. Sehemu za kona jaza kwa vipande vidogo, usiache tupu. Mwisho paka epoksi kwenye kingo zote zilizo wazi, mara mbili. Plaiwudi inakunywa maji kwa ukingo wake, si kwa uso, na ukingo wa chini wa dirisha ndio unaooza wa kwanza. Ukuta wa kulia una bahati, weka fremu ya mbao kabla ya kufunga.

Dirisha la karavani: mengi ya Ulaya yenye fremu ya plastiki yametengenezwa kwa ukuta wa karibu mm 26, na mengine yana vipande vya kuongezea vya kuta nene. Kwa mm 34, kama huna hivyo vipande, punguza ukuta kwa ndani: ondoa plaiwudi ya mm 4 na mm 4 za mbao ya fremu, kwa upana wa ringi. Pima kabla ya kulipa. Uliza pia kama vipimo vinavyotajwa ni vya uwazi wa kukata au vya fremu kwa nje, maana tofauti ni sentimita kadhaa, na ukuta uliokatwa kupita kiasi haurudi. La kutumika liangalie kwenye bawaba na kwenye mizizi ya makomeo. Nyufa ndogo nyeupe pale maana yake akriliki imechoka.

Faida yake ni kubwa, mkuu, nisikufiche. Wavu wa mbu na pazia vimo ndani ya fremu, na tabaka mbili zinapunguza matone ya asubuhi. Ukiona ukungu katikati ya tabaka hizo, usidhani limekufa. Kuna vizibo vidogo kwenye bamba la ndani. Vitoe, acha dirisha kwenye hewa kavu siku moja au mbili, virudishe. Hewa ya ndani inatanuka ukipanda kutoka Pangani hadi ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, na ikipoa inavuta unyevu.

Kuziba: kati ya fremu ya nje na bati weka utepe wa butili (raba laini inayonata), upana mm 20, unene mm 3. Anza na kumaliza katikati ya upande wa chini, bila kuuvuta kwenye kona. Kaza skrubu kwa mshazari, kama unavyofunga gurudumu, mzunguko wa kwanza nusu, wa pili kamili. Butili itatokeza, iache siku tatu au nne, kaza tena robo mzunguko, ndipo ukate iliyozidi kwa kipande cha plastiki. Butili haikauki, na siku ukitaka kulitoa dirisha linatoka. Gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari itakulazimisha kuvunja dirisha ili ulitoe.

Silikoni ile inayonuka siki usiiguse karibu na polikaboneti wala alumini tupu, asidi yake inaharibu vyote viwili. Kama lazima silikoni, iwe ya aina isiyo na asidi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila moja ichovywe kwenye kizibo kabla ya kuingia kwenye bati, la sivyo chumvi ya Pangani italila alumini kuzunguka tundu na utaona unga mweupe.

Mkaa_Porini

Niongeze mawili ambayo hayajatajwa. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inaharibu akriliki na polikaboneti. Mtu amejipaka mikono, anasukuma dirisha jioni, asubuhi alama za vidole vitano zimebaki zimefifia kwenye bamba na hazifutiki. Funga kishikio cha mbao au alumini, watu washike pale. Petroli, spiriti na zile dawa za kung'arishia vioo zenye amonia nazo hapana. Ni maji mengi kwanza ya kuondoa vumbi, kisha sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Ukifuta vumbi kavu umepiga msasa.

La pili ni nyani na tumbili kambini. Wanajua kusukuma dirisha la kuslaidi, na wavu wa nailoni wanauchana kwa sekunde. Weka wavu wa alumini au chuma kisichoshika kutu, na ukiondoka kambini funga makomeo, hata kama kuna joto.

Mlangobovu

Mmesahau njia ya kioo kisichofunguka. Kama dirisha la mlangoni ni la mwanga tu, kuna vioo bapa vya pembeni vya Land Rover Defender za zamani, vipo Arusha kwa wauza vipuri. Vya Hiace epuka, vina mbinuko, havikai kwenye ukuta ulionyooka. Kinashikwa na raba yenye mifereji miwili na ulimi wa kukaza. Raba hiyo imekusudiwa bati jembamba, kwa hiyo usiipachike kwenye ukuta wa mm 34. Bati la mlango lizidi plaiwudi kuelekea katikati ya uwazi mm 12 kuzunguka, raba ishike bati peke yake.

Kupachika: vika raba kwenye kioo, ingiza uzi wa nailoni wa mm 4 kwenye mfereji wa nje wa raba, ncha zipishane chini. Paka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo kwa kiganja kutoka nje, mwingine ndani anavuta uzi taratibu kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa raba unaruka juu ya bati. Ulimi wa kukaza unaingia mwisho.

Seremala_wa_Bati

Hilo la Mlangobovu ni imara, ila kwa trela hii nalipinga. Akiwa na dirisha moja tu la kufunguka, hewa haina pa kutokea. Watu wawili wakilala kwa muda wa saa nane wanatoa zaidi ya nusu lita ya mvuke, na kwenye chumba kidogo namna hii, kwa baridi ya Ngorongoro, wote unaishia kwenye madirisha na chini ya godoro. Madirisha yote mawili yafunguke, na yabaki na mwanya wa mm 20 usiku kucha hata kama ni baridi. Makomeo yenye hatua mbili yanafanya kazi hiyo. Na jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata kwa kupasha joto dakika tano, hata madirisha yakiwa wazi. Hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Kimo: ukingo wa chini wa uwazi uwe angalau mm 250 juu ya godoro, ili matone yasidondokee shuka na mtu asiegemee wavu usiku. Kwa godoro la mm 100, hiyo ni mm 350 kutoka sakafuni. Dirisha la 450 linaishia mm 800, na juu yake unabakiwa na mm 400 za mfereji, pazia na taa.

UsaRiver_81

Nimeamua: kulia polikaboneti 620 kwa 450, mlangoni 400 kwa 300, yote ya kuinua kwa raba ya D. Kabla sijaenda barabarani nayajaribuje maji?

Gezaulole_Boti

Bomba la bustani, ukianzia chini kwenda juu. Mwagia ukingo wa chini peke yake dakika 5, kisha pembeni dakika 5, kisha juu na kwenye mfereji. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Mwenzako awe ndani na tochi na karatasi ya chooni, aibandike kwenye kila kona. Tone likipita karatasi inalichukua kabla jicho halijaliona. Usiku rudieni bila maji: tochi kali ndani, wewe nje kwenye giza, zunguka dirisha macho yakiwa sambamba na ukuta. Panapotoka mwanga ndipo vumbi la Engaresero litakapoingia. Rekebisha komeo la upande ule libane zaidi kwa milimita moja, kisha rudia na karatasi ya daftari.